Zabibu za Wodi ya Pili

Elguja alivunjika nyonga akipogoa mizabibu,
mwezi Machi, ngazi ilipoteleza kwenye tope,
huko Kakheti ambako umri wa mtu huhesabiwa kwa mavuno.
Wakamleta Tbilisi, wakamtia chuma.
Siku ya nne kidonda kikaanza kutoa machozi.

Sikuuona uso wake.
Mimi ni Lamara wa maabara, ghorofa ya chini kabisa,
wagonjwa nawajua kwa pamba ndani ya neli
na kwa majina yaliyoandikwa mbiombio,
herufi zimepandana migongoni.

Asubuhi sahani ilikuwa imechanua:
vidoa vya dhahabu juu ya agari ya damu,
vinono, vinang'aa kama vimepakwa siagi.
Nikatia rangi, nikainamia hadubini.
Vishada.
Zabibu za zambarau, zimejazana,
hazijui kiangazi wala baridi.
Hata hapa, mzee, nikasema, umekuja na shamba lako.

Hakutupiwa na mtu.
Alikuwa naye puani miaka na miaka,
mpangaji asiyepiga kelele,
alihudhuria harusi yake, akabusiwa naye shavuni,
akalala naye kila usiku wa homa na wa divai.
Anayejua kungoja hahitaji chuki.
Alingoja mlango, na kisu kikaufungua.

Ndivyo nilivyodhani.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa,
nami nikaridhika na nguo za Elguja peke yake.

Nikapanga vijikaratasi vya dawa, kimoja kimoja,
nikaviacha vilale nao usiku kucha.
Kesho yake nikachukua rula.
Penisilini: wameota hadi ukingoni.
Sefoksitini: wameota hadi ukingoni.
Eritromisini: wamepanda juu yake kama watoto juu ya ukuta.
Kimoja tu, karibu na ukingo wa sahani,
kilikuwa kimefagia uwanja wake.
Milimita ishirini na sita.
Nilipima mara tatu. Niliandika kwa mkono uliotulia.
Kisha nikakumbuka droo ya jikoni kwangu,
kopo la vidonge nilivyoacha siku ya tatu
kwa sababu koo lilikuwa limepoa
na mimi, mwenye rula, nilikuwa na haraka.

Wakaagiza tuwapime wauguzi.
Pamba kumi na nne, pua kumi na nne.
Ya Tsiuri ilichanua dhahabu ile ile,
ikakataa dawa zile zile, milimita kwa milimita.
Pua ya Elguja mwenyewe haikuotesha kitu.

Tsiuri, aliyemchana nywele mzee,
aliyemshika mkono alipoita jina la mkewe marehemu.
Alishuka ngazi akasimama mlangoni pangu,
hakuingia, kana kwamba sakafu ingemkataa.
"Vitanda thelathini," akasema, "na mimi mmoja.
Kopo la sabuni tupu tangu Jumatatu.
Nilipaswa kumwacha alie?"
Sikuwa na kipimo cha swali hilo.
Nilimsogezea kiti. Hakukaa.

Dawa ile moja ilimpeleka mzee hadi Mei.
Chuma kilitolewa, kikarudishwa kingine.
Baada ya hapo pamba zake hazikuja tena,
na maabara haiambiwi kwa nini pamba hukoma.

Oktoba binti mmoja akashusha kreti mezani.
"Baba hatembei," akasema,
"ila anawafokea wachumaji akiwa kitini,
na amesema hizi ni za yule wa chini."

Zilikuwa nyeusi, na vumbi lake, zimebanana
hata huwezi kutia ukucha katikati.
Nilizitazama kuliko ilivyo adabu kutazama chakula.
Nikanawa mikono.
Nikaosha zabibu.
Nikanawa tena,
kisha nikapanda juu na kishada kikubwa zaidi
na kipande cha sabuni mfukoni,
kumtafuta Tsiuri.